Tanuri, Bani na Kaushio: Uhakiki wa Istilahi za Kukausha Mazao

Utangulizi

Katika orodha ya ushuru wa forodha inayotumiwa na nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, kifungu cha 12.10 kinahusu maua ya hopsi, mabichi au makavu. Hopsi ni mmea utambaao ambao maua yake huipa bia uchungu wake na kuisaidia isiharibike upesi. Kwetu hausitawi, kwani hutaka siku ndefu za kiangazi cha nchi zilizo mbali na ikweta, ilhali mchana wetu hauzidi saa 12 ila kwa dakika chache. Hata dengelua, pombe ya miwa ijulikanayo sana Upareni, haina habari na hopsi. Lakini viwanda vya bia vya Afrika Mashariki hutegemea hopsi ziagizwazo kutoka nje, na ndivyo ilivyo tangu Kenya Breweries ilipoanzishwa mwaka 1922. Kwa hiyo mmea huu tusioulima hupita mikononi mwa maofisa wa forodha, wakaguzi wa vyakula, na hatimaye wafasiri.

Mfasiri atakayetaka kueleza jinsi maua hayo yanavyotengenezwa hatakawia kukutana na neno la Kiingereza 'oast', yaani jengo la kukaushia hopsi. Akifungua kamusi ya Kiingereza ataambiwa kwamba hiyo ni aina ya 'kiln'. Akifungua kamusi ya Kiingereza na Kiswahili kutafuta 'kiln', atapewa tanuri au joko. Basi ataandika "tanuri la hopsi", kazi itapita, na mkubwa wake ataweka sahihi.

Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba tafsiri hiyo haifai, na kwamba kosa lililomo ndani yake si la hopsi peke yake. Neno tanuri limebebeshwa mzigo usio wake, na neno kukausha limebebeshwa mkubwa zaidi. Tutakayosema yanahusu tumbaku ya Tabora, mahindi ya Dodoma na tangawizi ya milima ya Same kuliko yanavyohusu bia ya mtu yeyote. Mifano mingi tutaichukua Same na Upareni, kwa sababu katika wilaya hiyo moja mtu hupata jua kali la nyanda za chini na ukungu wa mlima Shengena, wenye urefu wa mita 2,462, na kwa hiyo hupata karibu kila njia ya kukausha mazao iliyopo nchini.

Jengo lenyewe

Kabla ya kulipa kitu jina hatuna budi kukijua. Jengo la kukaushia hopsi lilienea hasa katika jimbo la Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza. Huwa ni mnara wa matofali, wa mviringo au wa mraba, wenye paa lililochongoka kama pia iliyopinduliwa. Chini kabisa kuna moto. Juu ya moto, kwa kimo cha mita kadhaa, kuna sakafu ya fito zilizoachana, na juu ya fito hutandikwa kitambaa chenye matundu, ambacho zamani kilifumwa kwa singa za farasi. Maua mabichi humwagwa juu ya kitambaa hicho. Hewa iliyopata joto hupanda, hupenya katikati ya maua, huchukua unyevu wake, na kutokea kileleni, ambako pana kofia ya mbao inayozungushwa na upepo ili mdomo wake uupe upepo kisogo.

Ua bichi la hopsi lina maji yapatayo asilimia 80 ya uzito wake. Likitoka mnarani hubakiwa na asilimia 10 hivi. Joto linalotumika ni la nyuzi 60 au zaidi kidogo, yaani maji yaliyomo ndani hayafiki hata kuchemka. Maua hayaungui, hayaivi, wala hayageuki kuwa kitu kingine. Yakitoka hapo hupoozwa katika ghala iliyoungana na mnara, kisha hushindiliwa katika magunia marefu.

Msomaji aangalie sifa tatu za jengo hilo. Kwanza, moto na mazao havigusani. Pili, kinachofanya kazi ni hewa inayopita, wala si moto wenyewe. Kofia ile ya mbao ni sehemu muhimu ya mtambo, si pambo. Tatu, kitu kilichoingia ndicho kitokacho, ila kimepungukiwa maji. Sifa hizi tatu tutazihitaji tena.

Tanuri ni nini?

Neno tanuri asili yake ni Kiarabu, na Waswahili wamelitumia tangu zamani kwa mahali pa kuokea mikate na pa kuchomea chokaa. Bara nako limeenea, aghalabu kwa umbo la tanuru. Mtu wa Same akiambiwa "tanuri" au "tanuru", picha imjiayo kwanza ni ile ya matofali: matofali mabichi yaliyopangwa yakawa kama nyumba ndogo, yenye mapango chini ya kutilia kuni, yakakandikwa udongo nje, yakachomwa usiku na mchana. Hapo tanuri na kilichomo ndani yake ni kitu kimoja, kwani moto ukizimika tanuri lenyewe hubomolewa na kupakiwa kwenye lori.

Upareni kuna tanuri la zamani zaidi ya hilo. Huko Ugweno, katika Upare wa Kaskazini, ukoo wa Washana ulisifika kwa kufua chuma, na Profesa Isaria Kimambo, katika historia yake ya Wapare iliyochapwa mwaka 1969, ameeleza jinsi ufundi huo ulivyofungamana na utawala hata Washana walipopinduliwa na Wasuya. Mahali pa kuyeyushia mawe ya chuma, penye moto uliochochewa kwa mivukuto, panastahili kuitwa tanuri pasipo ubishi.

Sasa tuyaweke pamoja: tanuri la mkate, la chokaa, la matofali na la chuma. Yote yana sifa moja, nayo ni kwamba kitu kiingiacho hakitoki kama kilivyoingia. Kinyunga huwa mkate, jiwe huwa chokaa, udongo huwa tofali, na jiwe la chuma huwa chuma. Moto wa tanuri hugeuza. Ukitaka kipimo chepesi, jiulize hivi: je, kitu hiki kikirudishiwa maji kitaelekea hali yake ya kwanza? Tofali lililochomwa hata likilazwa mtoni mwaka mzima halirudi kuwa udongo wa kufinyanga. Lakini ua la hopsi, jani la tumbaku au punje ya mahindi likipata unyevu hulainika tena. Kilichogeuzwa na kilichokaushwa ni vitu viwili, na lugha iliyo makini haiwezi kuvipa nyumba moja.

Neno joko nalo halitufai hapa. Joko ni la mfinyanzi, nalo pia hugeuza. Isitoshe, wafinyanzi wetu wengi huchoma vyungu mahali pa wazi, juu ya kuni na majani, pasipo ukuta wala paa. Kuuita mnara wa Kent joko ni kumfanya msomaji aone vyungu mahali palipo na maua.

Bani, na kosa la mvuke

Ikiwa tanuri na joko hayafai, Kiswahili kina nini? Kina kitu kilicho karibu sana na mnara ule wa hopsi, nacho ni bani la tumbaku. Wakulima wa Tabora, Urambo, Kahama, Chunya na Iringa wanalijua bani kama wavuvi wanavyojua ngalawa. Ni nyumba ndefu kwenda juu, isiyo na madirisha, yenye tanuri dogo nje au pembeni, na mabomba ya bati yanayopita chini ndani ya nyumba. Moto huwaka katika tanuri hilo. Moshi hupita ndani ya mabomba na kutoka nje. Mabomba hupasha hewa. Hewa hupanda katikati ya majani yaliyofungwa kwenye fito na kuning'inizwa kwa madaraja. Hapa sifa zetu tatu zimetimia, na kwa faida ya wafasiri, hapa tanuri na bani vimesimama bega kwa bega katika jengo moja: tanuri ni pale palipo moto, bani ni pale palipo majani. Mkulima hachanganyi maneno hayo mawili. Anayeyachanganya ni yule aandikaye ofisini.

Bani ni neno la kukopa, kutoka Kiingereza 'barn', nasi tumewahi kusikia likilaumiwa kwa sababu hiyo. Lawama hiyo haina uzito. Katika Kiingereza neno lile humaanisha ghala yoyote ya shambani. Katika Kiswahili limepata maana moja tu iliyo bainifu, na wenye kulitumia wamelitia katika ngeli ya li-ya bila kumwuliza mtu. Neno lililokopwa likafanywa bora kuliko lilivyokuwa kwao lina haki ya kukaa.

Pasipo haki ni mvuke. Tumbaku inayokaushwa katika mabani ya aina hiyo huitwa katika biashara "tumbaku ya mvuke", ili kuitofautisha na "tumbaku ya moshi" ya Ruvuma, ambayo moto wake huwekwa chini ya majani makusudi ili moshi uyaguse na kuyapa harufu. Jina la pili ni sahihi kabisa. Jina la kwanza linapotosha. Mvuke, kwa Mswahili, ni kitu kitokacho kwenye sufuria ichemkayo: ni maji yaliyogeuka hewa. Katika bani hakuna mvuke unaoingizwa; kinachoingizwa ni joto kavu, na kazi yote ni kuutoa mvuke utokao katika majani. Jina limechukua adui likamfanya mwenye nyumba.

Mtu aweza kusema kwamba hakuna mkulima aliyewahi kumimina maji ndani ya bani kwa sababu ya jina hilo. Ni kweli, kwa kuwa mkulima hujifunza kwa macho na mikono kabla ya kusoma. Lakini fikiria mwanafunzi wa chuo cha kilimo aliyezaliwa Same, asiyewahi kuona bani, akijifunza kwa vitabu. Au mwanasheria anayefafanua daraja za tumbaku. Huyo hana macho ila maneno. Hatupendekezi kwamba vyama vya ushirika na masoko waache jina walilolizoea kwa miaka mingi. Jina la sokoni huwa na nguvu kuliko kamati. Tunapendekeza kwamba popote tumbaku hiyo inapofafanuliwa, katika kamusi, mtaala au sheria, isemwe kuwa ni tumbaku inayokaushwa kwa hewa moto pasipo kuguswa na moshi, na kwamba neno mvuke lisiongezwe eneo kwa mtambo mwingine wowote wa hewa moto.

Kuna jambo la pili kuhusu bani. Kiingereza husema 'cure' kwa tumbaku, kwa kahawa na kwa nyama, na wafasiri wetu wameshughulika na neno hilo kwa namna mbalimbali. Kwa kahawa walifaulu. Kiwanda kikubwa kilichoanzishwa Moshi mwaka 1920 kina neno hilo katika jina lake la Kiingereza, lakini wananchi wanakiita kiwanda cha kukoboa kahawa, kwa kuwa walitazama kifanyikacho wakakitaja. Kwa tumbaku walitosheka na kukausha, na hapo palipotea kitu. Jani liingiapo katika bani halikaushwi mara moja. Kwanza hupewa joto la chini, la nyuzi 35 hadi 40 hivi, ili ligeuke rangi kutoka kijani kuwa manjano, na katika kipindi hicho halitakiwi kukauka, kwani likikauka hubaki na ukijani wake na bei hushuka. Ndipo hufuata kukausha bapa la jani, na mwisho kukausha mshipa wa katikati kwa joto la nyuzi 70 au zaidi. Kijitabu kinachosema tu "kausha tumbaku" kimeruka hatua ya kwanza ambayo ndiyo ya fedha. Afadhali kusema: kugeuza rangi, kukausha jani, kukausha mshipa. Maneno hayo yote ni ya kawaida; hakuna lililohitaji kuundwa.

Upareni: vitendo kabla ya vyombo

Tukirudi Same tunaona kwamba lugha ya watu hutofautisha kukausha kwa kitendo, wala si kwa jengo. Katika mashamba ya mkonge ya Ndungu, singa zikitoka kwenye korona huoshwa, kisha huanikwa juu ya nyaya juani. Kahawa ya milimani, ikishamenywa na kuoshwa, huanikwa juu ya vichanja, ili hewa ipite chini na juu, nayo hugeuzwageuzwa na kufunikwa mvua ikitishia. Tangawizi ya Mamba na Myamba hukatwa vipande na kuanikwa. Katika nyumba za milimani, mahindi ya mbegu yaliwekwa juu ya meko, darini, ambapo moshi na joto la kila siku viliyakausha polepole na kuwafukuza wadudu. Nyama na samaki hubanikwa. Matofali huchomwa. Mikate huokwa.

Kuanika, kubanika, kuweka darini, kuchoma, kuoka: kila kitenzi kati ya hivyo kinamwambia msikilizaji moto uko wapi, na kama upo. Aanikaye hana moto, ana jua na upepo. Abanikaye ana moto wazi chini ya kitu. Awekaye darini ana moto wa kupikia unaofanya kazi mbili. Kukausha ni jina la matokeo tu, halisemi njia. Ndiyo maana si kosa kulitumia, ila ni kosa kulitumia peke yake pale ambapo njia ndiyo hoja.

Ni desturi inayojulikana ya waundaji wetu wa istilahi kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, kabla ya kuvuka bahari. Desturi hiyo imetuletea ngeli kutoka Kihaya, na kutoka milima hii hii ya Upare na Usambara imetuletea kitivo, neno la ardhi yenye rutuba ambalo sasa ni jina la sehemu ya Chuo Kikuu. Tungependa wakusanyaji wa maneno wapande tena milima hiyo, safari hii wasitafute majina ya vyeo bali majina ya kazi za mikono: sehemu za dari, aina za vichanja, hatua za kukauka kwa punje. Wazee waliokausha mahindi juu ya meko wanapungua, na nyumba zenye meko ya namna hiyo zinapungua kwa kasi kubwa zaidi.

Neno dogo na madhara makubwa

Msomaji aweza kudhani kwamba tunagombania maneno kwa sababu ya kupenda maneno. La hasha. Mwaka 2004 nchini Kenya, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Mwaka 2016 ugonjwa huo ulizuka Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, ukaua watu wapatao 20. Sumukuvu hutokana na kuvu waotao katika nafaka, hasa nafaka iliyohifadhiwa kabla haijakauka ipasavyo. Neno sumukuvu lenyewe ni mfano wa istilahi njema: sehemu zake mbili zajulikana na kila mtu, na zikiungana zinataja kitu na hatari yake. Tunawapongeza waliolitumia mpaka likaenea.

Lakini tazama maneno yanayolizunguka. Aghalabu mkulima huambiwa "akaushe mahindi vizuri" au "akaushe barabara". Vizuri ni kiasi gani? Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Mkulima wa bondeni Same, akiambiwa akaushe, ataanika juani, na pengine siku chache zitamtosha akitumia turubai au kichanja. Mkulima wa Chome, penye ukungu, akiambiwa neno lilo hilo, akaanika juu ya ardhi tupu, jioni atakusanya mahindi yaliyonyonya unyevu wa chini. Wote wawili wamemtii mshauri wao, na mmoja wao amejaza ghala yake hatari. Kosa si lake. Kosa ni la sentensi aliyopewa.

Sentensi bora ingetaja kitendo, chombo na kipimo. Ingesema: anika mahindi juu ya kichanja au turubai, yasiguse udongo, yaanue kabla ya umande, kisha yapime. Na kipimo kipo hata kwa asiye na mashine: tia chumvi kavu katika chupa kavu pamoja na mahindi, tikisa, kisha acha itulie, chumvi ikigandamana na kioo, mahindi bado ni mabichi. Maelekezo hayo hayana neno geni hata moja, wala si marefu kuliko hotuba ya kufungulia semina.

Katika uwanja huu kuna jozi nyingine ya maneno inayohitaji ulinzi. Unyevu wa punje na unyevu wa hewa si kitu kimoja, na kwa huu wa pili neno unyevuanga limekwisha kupendekezwa na kutumiwa. Lishikwe. Anayeandika "punguza unyevu ghalani" anaacha wazi kama anaagiza nafaka zikaushwe au milango ifunguliwe. Na siku ya mvua, kufungua milango ni kuuingiza unyevuanga ule ule anaotaka kuutoa.

Tuongeze na upande wa sheria. Kwa Sheria Na. 1 ya mwaka 2021, Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania, na kazi ya kutafsiri sheria za nchi imewaangukia wafasiri kama gunia kutoka darini. Tuseme halmashauri fulani yenye msitu wa hifadhi inatunga sheria ndogo isemayo kwamba hairuhusiwi kuwasha tanuri bila kibali. Ikiwa tanuri ni kila kitu chenye moto na paa, basi mwoka mikate, mchoma matofali, mwenye bani na mama mwenye sanduku la kukaushia tangawizi wote wamo. Ikiwa tanuri ni pale tu moto unapogeuza kitu, mchoma matofali yumo na mama wa tangawizi ameponea. Hakimu atafungua kamusi. Je, tumemwandalia nini?

Kaushio au kikaushio?

Tumeona kwamba tanuri halifai na bani ni la tumbaku. Tunahitaji jina la jumla la mahali na chombo cha kukaushia. Kwa bahati njema watu hawakutusubiri. Katika maandishi ya kilimo yamekwisha kuenea maneno matatu: kaushio, kikaushio na kikausho. Shida ni kwamba yanatumika kiholela, wakati mwingine yote matatu katika kijitabu kimoja kwa sanduku moja la kukaushia mboga kwa jua.

Sarufi yenyewe yatupa njia. Kutokana na chuja tuna chujia, na chujio. Kutokana na kimbia tuna kimbilia, na kimbilio. Kutokana na chinja tuna chinjia, na machinjio. Kauli ya kutendea ikichukua kiishio -o hutupa jina la mahali au chombo cha kutendea. Basi kausha, kaushia, kaushio ni neno lililozaliwa kwa ndoa halali. Kikaushio ni hilo hilo likiwa na kiambishi cha udogo, kama chujio na kichujio. Kikausho halina kauli ya kutendea ndani yake; kwa umbo laelekea zaidi kitu kikaushacho chenyewe, kama vile dawa inayotiwa katika rangi ili ikauke upesi. Maneno matatu, basi, yaweza kuwa na kazi tatu badala ya kugombania moja.

Mapendekezo

Kwa kufuata hoja zilizotangulia tunapendekeza yafuatayo kwa wanaohusika.

Neno tanuri litengwe kwa mahali ambapo moto hugeuza kitu kuwa kitu kingine, pamoja na sehemu iwakayo moto katika mtambo wowote. Katika maandishi rasmi lishikwe umbo la tanuri, na tanuru liingizwe kamusini kama umbo la pili, wala si kama neno jingine lenye maana yake. Joko libaki kwa wafinyanzi.

Kaushio liwe jina la jumla la jengo la kukaushia mazao kwa hewa, iwe hewa moto au hewa ya jua. Kikaushio kiwe chombo kiwezacho kubebwa. Bani libaki kuwa kaushio la tumbaku, bila kulionea haya. Kichanja na chanja yabaki kwa utanda ulioinuliwa usio na kuta.

Kuhusu mmea wenyewe, hopsi itumike kama chipsi, katika ngeli ya i-zi, bila kujaribu kuondoa ile s ya mwisho kwa kuwa ni ya wingi katika Kiingereza. Kwetu imekwisha kuwa sehemu ya neno. Jina la "mmea wa bia", ambalo huenda likamvutia mpenda usafi wa lugha, lingewachanganya watu na shayiri. Kwa hiyo mnara wa Kent utaitwa kaushio la hopsi, na mfasiri wetu wa forodha ataandika maneno matatu ambayo mtu wa Same aweza kuyaelewa hata kama hajawahi kuuona.

Mwisho, kitenzi kukausha kisiachwe peke yake katika maelekezo yahusuyo chakula. Daima kifuatane na njia na kipimo.

Twajua kwamba mapendekezo ya namna hii huweza kupuuzwa, na kwamba lugha haiendeshwi kwa amri. Lakini mara nyingi watumiaji wamekwisha kufanya kazi yao: mkulima ametenga bani na tanuri, mchuma kahawa ametenga kuanika na kukoboa, na mwoka mikate hajawahi kusema kwamba anakausha unga. Waliobaki nyuma ni sisi wenye kalamu. Waalimu wanaweza kuanza kesho darasani kwa kuwauliza wanafunzi swali moja: katika kitendo hiki, moto uko wapi? Wafasiri na waume na wake wa idara za serikali wanaweza kuanza na hati ijayo itakayofika mezani. Tunakaribisha maoni, hasa ya wale wanaojua majina ya Kipare ya kazi hizi kuliko tunavyoyajua, ili kabla ya istilahi hizi kupitishwa ziwe zimepimwa na watu wenye mahindi darini.